Hata moja haizai?

Tangu Jumanne lile swali halijanitoka. Nilikuwa na darasa la sita, mada namba tasa, na kuwachangamsha nikawapa mchezo: tungeni namba tasa kwa tarakimu 3 na 1 tu. Wakaanza vizuri, 3, 13, 31. Wale wa dawati la dirishani, mnawajua, wakaleta 33. Nikaandika ubaoni 31, 331, 3331. Tukazigawanya mpaka chaki ikaisha, zikagoma. Ndipo Juma akanyoosha kidole.

“Mwalimu, zote hizo tasa? Hata moja haizai?”

Darasa kimya. Mtaani kwetu kila mwanamke wa rika langu ni Mama Fulani, mimi peke yangu ni Mwalimu, na watoto wanajua sababu.

Nikamjibu, “Tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kaa chini.”

Hiyo “kaa chini” ndiyo inayoniuma. Mtoto hakuwa na nia mbaya. Au alitabasamu? Hata moja haizai? Aliuliza kama anayeuliza bei ya maandazi. Nimelirudia nikifua, nikichambua mchele, nikiwa nimeshika barua ya uhamisho, hata Alhamisi tulipokuwa tukimpigia wifi vigelegele kwa mapacha wake.

Jana usiku usingizi ukagoma. Chuoni tulifundishwa kwamba 33331, 333331, 3333331 na 33333331 zote ni tasa. Inayofuata sikuwahi kujiuliza. Nikachukua simu, nikaongeza 3 moja mbele: 333333331. Kwa 7, baki. Kwa 11, baki. Kwa 13, baki. Kwa 17 ikatoka 19607843, kamili, bila baki hata chembe.

Nilicheka mpaka Hamisi akaamka.

“Imezaa,” nikamwambia.

Akageukia ukutani.

Jumatatu nitamsimamisha Juma mbele ya ubao aigawanye mwenyewe. Nitamwambia pia habari za Mwingereza James Maynard, aliyethibitisha mwaka 2016 kwamba hata ukiipiga marufuku tarakimu moja, tuseme 7, namba tasa bado hazina mwisho. Ila ukibakiwa na mbili tu, kama sisi na 3 na 1 zetu, hakuna aliyethibitisha kitu. Sitamwambia akae chini.

Koki ya tangi imeanza tena kuvuja, fundi hapokei simu, na maji yenyewe yanatoka Jumamosi kwa Jumamosi.