Siku ya kupima damu

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kugusa simu ninaandika katika daftari muda niliolala, saa 7, na hali ya hisia zangu, 5 kati ya 10. Daftari hili nilipewa na mwanasaikolojia wangu, kwa kuwa ugonjwa wangu wa baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hubisha hodi kupitia usingizi: nikilala kwa muda wa saa 3 tu, usiku mbili mfululizo, nisihisi uchovu wowote, ujue ninapanda, hata kama mwenyewe ninajiona mzima kuliko watu wote.

Saa 3 asubuhi, maabara. Damu ya kupima lithiamu, dawa yangu ya kutuliza hisia, huchukuliwa baada ya saa 12 tangu dozi ya mwisho, ndiyo maana vidonge navimeza saa 3 usiku. Daktari wangu analenga kiwango cha kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita, maana kikipita kiasi dawa yenyewe hugeuka sumu. Majibu ya leo ni 0.7.

Saa 5, cherehani. Joto la Dar es Salaam linanitoa jasho, nami ninakunywa maji mara kwa mara, kwa sababu mwili ukikaukiwa lithiamu hupanda katika damu.

Saa 8 mchana mgongo unauma, na fundi mwenzangu ananinyoshea diklofenaki, dawa ya maumivu. Ninamshukuru, siipokei: nayo hupandisha lithiamu. Ninatumia panado.

Saa 10 jioni, kwa mwanasaikolojia. Niliwahi kuacha dawa kwa kuwa nilijisikia nimepona. Nikakopa majora ya vitambaa, nikashona usiku kucha, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimelazwa. Nilipotoka nikameza dawa peke yake, nazo zikanituliza kweli, lakini hazikuniondolea aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonifanya niruke dozi kila mgeni alipolala kwetu. Hapa ndipo nilipojifunza kumweleza dada yangu ugonjwa wangu, tukaandikiana kwamba dalili zikianza atashika laini yangu ya M-Pesa na kunipeleka kliniki bila kungoja ridhaa yangu ya siku hiyo. Ninaamini mkataba ule umenilinda sawasawa na vidonge.

Leo tunazungumzia oda ya magauni 20 ya harusi, ambayo mteja anaitaka Jumamosi na isiyoweza kwisha bila kukesha. Tunafanya mazoezi ya jibu mpaka sauti yangu inaacha kutetemeka: "Dada, Jumamosi nitakupa 6. Usiku sishoni." Ninampigia mteja simu nikiwa njiani, naye anakata bila kusema neno.

Saa 3 usiku ninameza vidonge kwa glasi kubwa ya maji. Ujumbe unaingia: nishone 6 za wasimamizi, zilizobaki atampa fundi mwingine. Fedha ya magauni 14 imekwenda, na kodi ya kibanda iko karibu. Ninamwonyesha dada ule ujumbe, kisha ninazima taa.