Kununua Zana za Bustani Zilizotumika Baada ya Kuibiwa Zangu

Mwizi aliyeingia kwenye banda langu la zana hakuvunja kufuli. Asubuhi nililikuta limefungwa vilevile nilivyoliacha jioni, likining'inia kwenye bamba lake, isipokuwa bamba lenyewe halikuwa tena mlangoni, kwa kuwa skrubu zake nne zilikuwa zimefunguliwa kwa bisibisi na kupangwa vizuri kizingitini. Zilikwenda sepetu, uma wa kuchimbulia, jembe, mikasi miwili ya kupogolea na mashine ya kukatia nyasi. Niliachiwa ndoo ya kumwagilia na reki iliyong'oka meno matatu, na nakiri kwamba mtu yule alijua kuchagua.

Kilichoniuma zaidi kilikuja nilipokwenda kutoa taarifa. Askari aliyekuwa akiandika maelezo aliniuliza jembe langu lilikuwa na alama gani, nikamjibu kwamba lilikuwa jembe la kawaida. Aliniuliza namba ya mashine, ile inayochapwa kwenye kibati cha mtengenezaji, nikakumbuka kwamba niliwahi kuiona lakini sikuwahi kuiandika popote. Jembe hilo nilikuwa nimelitumia kwa miaka mingi kiasi kwamba mpini wake ulikuwa na kibonyeo mahali gumba langu la kushoto lilipozoea kukaa. Lakini nilipojaribu kukieleza kibonyeo hicho mbele ya kalamu ya askari, niliona mwenyewe kwamba yeyote angeweza kuweka gumba lake hapohapo na kudai kuwa ni lake.

Sikuwa na uwezo wa kununua kila kitu kipya kwa mkupuo, na kwa sepetu na jembe nisingefanya hivyo hata kama ningekuwa nao. Sepetu nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa bati lililokatwa na kukunjwa kwa mashine, na shingo yake hubaki wazi upande wa nyuma, ambapo udongo huingia, hushika unyevu na kuozesha mpini taratibu pasipo mtu kuona. Ile iliyofuliwa kwa kipande kimoja cha chuma, yenye shingo ndefu inayoukumbatia mpini, huvumilia kukandamizwa kwa mguu mwaka hadi mwaka, na mara nyingi huipati ila kwa mtu aliyekwisha kuitumia.

Mimi huanza na mpini kabla ya chuma. Nyuzi za mti zinapaswa kukimbia kwa urefu wa mpini kutoka mwanzo hadi mwisho. Zikitokeza ubavuni katikati ya safari, hapo ndipo mpini utakapovunjika siku utakapokutana na mzizi. Mpini uliopakwa rangi hivi karibuni huniondolea hamu, kwa sababu rangi haiongezi nguvu yoyote bali huficha ufa. Jembe au shoka ambalo kichwa chake kinacheza linaweza kutengenezwa kwa kabari mpya, lakini uwe macho na lile lililoloweshwa maji usiku kucha: mti uliovimba hushika kichwa imara kabisa mbele ya mnunuzi, kisha hukauka, husinyaa na kukilegeza kuliko kilivyokuwa. Uguse mpini karibu na tundu. Ukihisi ubaridi wa unyevu mahali ambapo sehemu nyingine ni kavu, umekwisha kupata jibu. Baada ya hapo hugonga bamba la chuma kwa ncha ya ufunguo huku nikiwa nimelining'iniza, kwa kuwa chuma kizima hulia na chenye ufa hutoa sauti iliyofifia.

Kutu ya juu juu haipaswi kumtisha mtu. Ikilazwa ndani ya siki usiku mmoja hulegea, ikasuguliwa kwa brashi ya waya, kisha chuma kikasuuzwa, kikakaushwa papo hapo na kupakwa mafuta. Kutu iliyokwisha kuchimba vishimo karibu na makali ni habari nyingine, hasa kwenye mikasi, ambayo huijaribu kwa kukata karatasi moja nyembamba: ikitafuna badala ya kukata, natazama kama tatizo ni makali, ambayo hunoleka, au ni pini ya katikati inayoshikanisha visu viwili, iliyolika, ambayo sina dawa yake. Mikasi ya mtu mwingine huifuta kwa spiriti ya asilimia 70 kabla haijagusa mti wangu wowote, kwa kuwa magonjwa ya mimea husafiri na utomvu, na sepetu huiosha udongo wote ulioganda, maana minyoo fundo, ile midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi, haihitaji usafiri mwingine. Mipini huipaka mafuta ya kitani, na hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo: kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye kona hupata joto chenyewe kadiri mafuta yanavyokauka, na kinaweza kuwaka bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke.

Hayo yote, hata hivyo, ni uchunguzi wa chombo, na mimi sasa nachunguza pia kilikotoka. Sijifanyi mtakatifu, zamani nilinunua vitu kwa bei ya kutupa bila kuuliza swali hata moja, na sijui ni banda la nani lililofunguliwa skrubu kwa ajili yangu. Nilipoanza kuzunguka kutafuta zana, nilijikuta nikipekua kila rundo nikitafuta jembe langu mwenyewe, na hapo nikaanza kuwasikiliza wauzaji kwa sikio tofauti.

Kijana mmoja aliniuzia, au tuseme alitaka kuniuzia, mashine ya kukatia nyasi iliyo karibu mpya. Injini ilikuwa na joto nilipoigusa, maana yake ilikwisha kuwashwa kabla sijafika, ili nisione inavyosumbua ikiwa baridi. Nilimuuliza huweka mafuta ya namna gani, akanijibu kwamba huweka yoyote. Nilipoinama kutafuta kibati cha namba nikakuta matundu mawili ya ribiti na mkwaruzo unaong'aa katikati yake. Nilipomwomba aniandikie karatasi ya mauziano yenye jina lake, alisema ana haraka. Sikumtuhumu, kwa sababu sikuwa na ushahidi, ila niliondoka na baadaye nikatoa taarifa ya nilichokiona. Katika nchi nyingi mali ya wizi hubaki kuwa ya mwenyewe hata kama mnunuzi aliilipia, na anayenunua huku akijua huingia hatiani pamoja na mwizi.

Banda lenyewe sasa limefungwa kwa boliti zinazopenya mlango mzima na kukazwa nati kwa ndani, dirisha lina pazia, na ngazi haikai tena nje, kwa sababu nilikuwa nimemwachia mwizi kifaa chake cha kazi bure. Kila mpini una herufi zangu zilizochomwa kwa chuma cha moto, kila bamba lina nukta tatu zilizogongwa mahali ninapopajua, na picha pamoja na namba ziko mahali pawili. Mnyororo hupita kwenye vishikio vya vitu vikubwa. Mwizi mwenye subira atashinda vyote hivi, lakini atahitaji muda na kelele zaidi.

Sepetu niliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza zana za marehemu mke wake. Hakuniharakisha. Aliniambia nisiilazimishe kwenye mawe kwa upande wa kushoto, kwa kuwa kona hiyo iliwahi kupinda na kunyooshwa, na nilipoitazama kwenye mwanga niliona kweli wimbi dogo kwenye makali. Juu ya mpini kulikuwa na herufi mbili zilizochomwa, si zangu wala si zake. Alipoona nimezitazama alisema, "Ni zake yeye, mwanangu. Ukitaka, zipige msasa." Nilimjibu kwamba zitabaki. Akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi ya mauziano kwamba sepetu ina herufi hizo na kwamba ni za mkewe, akatia sahihi, nami nikachoma zangu chini yake.