Majuala ya Shangazi

Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ikiwa mlangoni, shangazi yangu wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, alinipigia simu. "Njoo uchukue haya majuala kabla sijafungwa." Ikifika tarehe 28, faini ingekuwa hadi shilingi milioni 4, na yeye alikuwa na shehena chini ya kitanda, imekunjwa kwa adabu. Shangazi si mtu wa kutupa kitu.

Siku hizo nilikuwa nimezama katika picha za mifarishi ya viraka ya akina mama weusi wa Gee's Bend, kule Alabama, Marekani, walioshona kwa nguo kuukuu za shamba. Mtindo wao mmoja, Housetop, una kipande katikati kisha vipande virefu vinavyokizunguka, safu baada ya safu, mpaka ukingoni. Nikataka kuujaribu kwa plastiki.

Juala moja halishoneki, ni jepesi mno. Tulikata vishikio na vitako, tukapanga matabaka kadhaa baina ya karatasi za kuokea, tukapitisha pasi ya moto wa kiasi, madirisha wazi. Pasi ikiwa baridi hayashikani. Ikizidi moto yanajikunyata na kutoboka. Yakiiva yanakuwa kitu kigumu chenye mikunjo midogo midogo, karibu na ngozi. Na harufu! Majirani walichungulia kuona nani anachoma nini.

Shangazi alikaa kwenye cherehani. "Mshono mrefu," alisema, akizungusha kidude cha kurefusha hatua. "Ukiubana, sindano inatoboa mstari mzima, kipande kinachanika kama stempu."

Kwa rangi hakunisikiliza hata kidogo. Nyeusi za mama mboga zilikuwa tele, nami nilizipanga upande mmoja. Akazipangua zote, kila nyeusi ikapata nyeupe ya kupakana nayo. Jekundu lilikuwa moja tu, la duka la viatu, na tulibishana mpaka chai ikapoa. Akalikata mraba, akaliweka katikati.

Kazi ilipotundikwa ukutani, jirani aliingia kuazima kiberiti, akasimama akiitazama.

"Nami nitengenezee. Nina gunia zima la majuala."

"Meusi?" shangazi akauliza.

"Mengi ni meusi."

"Hayo tumeshiba. Tafuta jekundu kwanza, halafu tuzungumze bei."