Wanachama wote, simu moja

Miaka kadhaa iliyopita saccos moja mjini Morogoro iliniita niangalie kwa nini meseji za mkutano mkuu haziwafikii wanachama. Nilipofungua orodha kwenye kompyuta, karibu nusu yao walikuwa na namba moja ya simu: 2147483647.

Aliyewatengenezea programu alikuwa ameweka simu kama namba ya kuhesabia, si maandishi. Waliojaza 0754 walipona, sifuri ya mbele tu ndiyo ilidondoka. Walioanza na 255 walipita kikomo, na kompyuta ikawabana wote pale inapoishia kuhesabu. Namba zao zilikuwa zimepotea, ikabidi watafutwe mmoja mmoja.

Nilichapa orodha. Mwalimu mstaafu wa hisabati, mjumbe wa kamati ya mikopo, akaivuta, akapandisha miwani.

"Kijana, hii ni namba tasa."

Mhasibu akaguna. Mimi nilijua ni mbili kipeo cha 31, toa moja: nafasi 32 za sifuri au moja, ziitwazo biti: moja ya alama ya hasi au chanya, 31 zilizobaki zote zimejaa moja. Kwamba ni tasa sikuwahi kujiuliza.

"Kwa sababu 31 ni tasa, Mwalimu?"

"Hapana. Na 11 je? Mbili kipeo cha 11, toa moja, ni 2047. Hiyo ni 23 mara 89."

Akageuza karatasi. Aliyethibitisha kwamba namba ya orodha yetu ni tasa ni Euler, akasema, mwanahisabati Mswisi aliyekuwa St. Petersburg, mwaka 1772, macho yakiwa karibu yamezimika kabisa. Kipeuo cha pili cha namba hii hakifiki 46341, kwa hiyo ukikosa kigawo kufika hapo, hakuna tena. Na kigawo chochote tasa, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Sharti hilo moja linafagia namba tasa karibu elfu tano, zinabaki zisizofika mia. Hapo ndipo niliposogeza kiti.

Ya kwanza ni 311. Akagawa kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu, peni ikikwaruza nyuma ya majina ya wanachama: ikabaki 35. Inayofuata ni 1303. Ikabaki 226.

"Mwalimu, wanachama wanasubiri," mhasibu akasema.

"Euler naye alikuwa na kazi nyingine."

Mimi naona kikomo hicho kuwa tasa ni bahati tu. Nafasi ya biti 16 inakomea 32767, na hiyo inagawanyika kwa 7. Mashine haikuchagua tasa.

Nikabadilisha safu ya simu iwe maandishi, tukaanza kujaza upya. Ya Mwalimu nayo ilikuwa imepotea. Akanitajia taratibu, mwisho 84, akaongeza kabla sijauliza: "Yangu usihangaike nayo, ni shufwa."