Wiki yangu ya misheni

Habari za huko, wapendwa. Wiki hii tumetembea sana na milango mingi ilifungwa, ila Alhamisi nimeiweka moyoni. Mzee tunayemfundisha aliomba kusali mwenyewe, mara yake ya kwanza. Alishika kofia kwa mikono miwili, akanyamaza kitambo, kisha akamtaja marehemu mkewe kwa jina. Mwenzangu alishindwa kuzuia machozi, nami pia.

Leo ni siku ya maandalizi: kufua, usafi, kupiga simu nyumbani. Tangu 2019 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho linaturuhusu wamisionari kuongea na familia kila wiki. Zamani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu. Mama, nimefurahi mno kusikia sauti yako. Tuombeeni, kesho tunarudi kwa mzee.