Siku ya Mambo Madogo, na Timazi Mkononi

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Somo letu wiki hii ni Zekaria 4:6-10. Mstari wa kumi unauliza ni nani aliyeidharau siku ya mambo madogo, na wengi wetu tukifika hapo tunafunga Biblia, maana tumeshafarijika. Endelea kidogo. Utakuta watu wanafurahi kwa kuiona timazi mkononi mwa Zerubabeli, ile kamba yenye uzito ambayo fundi huining'iniza ajue kama ukuta umesimama wima au umeanza kulala. Kazi yake ya kulijenga upya hekalu la Yerusalemu ilikuwa ndogo, na ilikuwa inapimwa.

Ilikuwa imechelewa pia. Msingi wa hekalu uliwekwa tangu enzi za Koreshi, mfalme wa Uajemi, na wazee waliolikumbuka lile la kwanza wakalia kwa sauti (Ezra 3:12). Kisha maadui wakaandika barua, kazi ikasimama mpaka mwaka wa pili wa mfalme Dario, ikaisha mwaka wake wa sita.

Sisi wa Naivasha tunauona mwendo kama huo kila tukitazama mvuke wa Olkaria, ambako joto la chini ya ardhi linageuzwa stima. Visima vya kwanza vilichimbwa mwaka 1956, havikuleta kitu cha maana, kazi ikaachwa. Ikarudiwa miaka ya 1970, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa stima: megawati 15. Kwa leo hizo ni chache mno. Lakini waliofuata walizidi kuongeza mtambo juu ya mtambo, na sasa jotoardhi ndiyo inayotoa stima nyingi Kenya kuliko chanzo kingine chochote. Nani angewalaumu wale wa 1956 wangesema mradi huu hauna baraka?

Sasa tushike timazi. Mwaka 2014 familia za Wamasai zilihamishwa kupisha kituo cha stima cha Olkaria IV. Malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia, iliyokuwa miongoni mwa wafadhili, na ikabidi pande zote ziketi kwa usuluhishi. Nalitaja kwa sababu tumezoea kushukuru kwa stima safi bila kuuliza nani alihama ili ipatikane. Mradi unaweza kuwa mwema kwa hewa ya nchi nzima na bado ukawa umepinda upande mmoja, na aliyepaswa kwanza kuona kupinda huko ni jirani anayeomba Mungu, si mkaguzi wa benki kutoka Washington.

Kuna wanaosema, Kenya inachafua anga kiasi gani hata tuhangaike? Kweli, sehemu yetu haifiki hata asilimia moja ya hewa chafu ya dunia, na viongozi wetu waiseme hoja hiyo mbele ya mataifa makubwa bila kuona haya. Wale waliofurikiwa na maji mtaani Kihoto mwaka 2020, Ziwa Naivasha lilipoingia mpaka vyumba vya kulala, wana haki ya kuidai. Ila haitufai kama sababu ya kupika githeri ya kongamano letu kwa kuni kila mwaka, huku akina mama wanaopika wakitokwa machozi kwa moshi jikoni, kisha tuwaite jukwaani tuwapigie makofi.

Na hapa ndipo pananichoma zaidi. Tunawaombea wafanyakazi wa mashamba ya maua: wanaokata waridi tangu alfajiri, wanaoingia vihema vya kukuzia maua dawa haijakauka, wanaoogopa kusema wana mimba. Tuendelee kuwaomba Mungu awatetee, maana Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kilio kinamfikia Bwana wa majeshi. Lakini ni makanisa mangapi yenye askari wa usiku anayeitwa kibarua mwaka baada ya mwaka? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi, na anayefika miezi miwili apate haki kama za mwenye mkataba. Torati inakwenda mbali zaidi, inataka alipwe kabla jua halijatua, "kwa kuwa ni maskini" (Kumbukumbu la Torati 24:15). Askari huyo akikohoa usiku kucha getini, sisi tunamwambia, "Mungu atakupa mlango."

Najua hatuwezi yote kwa mara moja. Sadaka hazitoshi, na paa la darasa la watoto bado linavuja. Basi tuchague machache na tuandike tarehe. Jumapili baada ya ibada ya pili, wazee na kamati ya maendeleo tubaki. Ajenda ni mbili: mkataba wa askari wetu, uliosainiwa kabla ya mwisho wa mwezi, na jiko la gesi la kongamano la Agosti. Mweka hazina aje na daftari la matumizi ya kuni ya mwaka jana. Akina mama wa jikoni waje pia, na wazungumze wao kwanza.