Siku moja maishani mwangu: kazi ya kuwatazama watazamaji

Nikimwambia mtu kwamba nafanya kazi kwenye ukumbi wa tamthilia za muziki, ataniuliza kwanza kama naimba au nacheza. Nikijibu kwamba mimi ni mhudumu wa ukumbini, yule anayekagua tiketi na kukumulikia ngazi kwa tochi, swali la pili haliji. Nimeifanya kazi hii miaka sita. Onyesho tulilo nalo sasa nimelisimamia zamu zaidi ya mia mbili, mara nyingi jukwaa likiwa mgongoni mwangu, kwa sababu kazi yangu ni kuwaangalia waliokaa. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema haelewi watu wanapendea nini hadithi ambayo wahusika wanaacha kuongea na kuanza kuimba, natamani asimame pale ninaposimama mimi, zamu moja tu. Hii hapa ni Jumamosi, siku ya maonyesho mawili.

Saa tano asubuhi

Ukumbi mtupu, taa zote zimewashwa. Tunapita safu kwa safu: kiti kisichokunjuka, namba iliyobanduka, taa ya ngazi iliyoungua, mlango wa dharura unaokwama. Tunabadilisha betri za tochi. Saa nzima inakwisha na hakuna la kusimulia, ila siku ukiiruka ndiyo siku mtu hujikwaa gizani.

Saa sita na nusu

Waigizaji wanapasha sauti. Ninayependa kumtazama ni dada anayeigiza binti, mhusika mkuu. Anakuja na kandambili, nywele zimebanwa chini ya kofia ya wavu tayari kwa wigi, na maikrofoni ndogo kama punje ya mchele imebandikwa juu ya paji la uso, pale nywele zinapoanzia. Anapandisha sauti ngazi moja moja, anakohoa, anarudi chini, anaanza tena. Usiku watu watasema ana kipaji. Kipaji anacho, lakini mimi namjua kwa huko kukohoa na kuanza tena, maonyesho manane kwa wiki.

Saa saba na nusu

Kikao cha zamu. Sehemu ya kwanza dakika 70, mapumziko 20, sehemu ya pili 55. Kuna moshi na mwanga wa kumetameta, kwa hiyo tuwaonye watu mlangoni. Wachelewaji wataingizwa mara mbili tu: dakika ya 6, wimbo wa ufunguzi ukiisha, na dakika ya 19. Katikati hapo hapana, hata aje nani, kwa sababu kuna wimbo wa taratibu na mlango ukifunguliwa mwanga wa korido unaingia mpaka jukwaani. Kumbukeni dakika hizo mbili, nitazirudia.

Saa nane mchana

Milango inafunguliwa. Onyesho la mchana ni la watoto na wazee. Nainamisha tochi kuelekea sakafuni, natafuta mito ya kuwaongezea watoto kimo, nawapeleka wenye viti vya magurudumu kwenye nafasi zao. Yote yanakwenda vizuri.

La kueleza ni moja tu. Mtoto wa kike wa miaka sita au saba, amekaa mwisho wa safu karibu nami, anamvuta bibi yake: "Bibi, mbona sasa anaimba?" Bibi anamnyamazisha. Mimi sikuweza kumjibu, lakini jibu nimelifikiria miaka yote hii. Katika maisha, mtu akikuambia anaondoka, lazima umjibu papo hapo, na saa haikungojei. Wimbo unaishika ile dakika usiipoteze. Neno la pumzi moja linakaa hewani dakika tatu, na wewe uliyeketi unapewa nafasi ya kulihisi lote, kitu ambacho siku zako za kawaida hazikupi. Na si lazima uelewe kila neno. The Lion King, tamthilia ya muziki ambayo iko Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, tangu 1997, hufunguliwa kwa mwito wa Kizulu ambao wengi ukumbini hawajui maana yake hata kidogo, na wanyama wanapopita katikati ya viti kuelekea jukwaani watu wazima hufuta machozi. Yule mtoto alipofika wimbo wa tatu alikuwa haulizi tena. Mguu wake ulikuwa unagonga mapigo kwenye mgongo wa kiti cha mbele, ikabidi nimguse bega taratibu.

Saa kumi na moja jioni

Kufagia, kuokota, kukaa na miguu juu ya kiti dakika 20. Visigino vinawaka.

Saa moja usiku

Milango tena. Anaingia mama mmoja ambaye huja kila mwezi, hukaa pembeni na huwa hanunui programu, kile kijitabu cha onyesho, kwa sababu onyesho analijua kuliko mimi. Kuna watu wanamshangaa: atafuata nini kwenye hadithi anayoujua mwisho wake? Mimi simshangai. The Phantom of the Opera ilikaa Broadway kuanzia 1988 hadi 2023, maonyesho 13,981, na siamini viti vyote hivyo vilijazwa na watu wasiojua mwisho. Hadithi ya kusomwa ukishaijua inapoa. Wimbo kadiri unavyoujua ndivyo unavyousubiri, na kuusubiri nako ni raha. Yule mama huanza kutabasamu sekunde kumi kabla ya wimbo anaoupenda. Nimemwona mara nyingi, sibahatishi.

Saa moja na nusu taa zinazimwa, okestra inaanza, mlango wangu unafungwa.

Dakika ya 7, mlango wa korido unasukumwa kwa nguvu. Mwanamume wa makamo, koti mkononi, anahema.

"Dada, nifungulie, mke wangu yuko ndani."

"Karibu sana baba. Samahani, nitakuingiza dakika ya 19, watu wakipiga makofi. Si muda mrefu."

"Dakika ya 19! Tiketi nimenunua au nimepewa bure?"

Nikamweleza utaratibu. Akanieleza foleni ya barabarani. Nikampa pole. Akaniambia pole haimfikishi kwenye kiti. Akashika kitasa, nikauweka mkono wangu juu ya kitasa kabla yake, taratibu, bila kumgusa. Akataka meneja. Nikampigia meneja kwa redio, meneja akajibu kama nilivyojibu mimi, na yeye akasikia. Akatoa simu kuandika ujumbe, nikamwomba ageuze kioo cha simu upande wa ukuta. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Zilikuwa zimepita dakika tatu tu.

Kuna kidirisha mlangoni, cha ukubwa wa daftari. Akaanza kuchungulia. Ndani, binti alikuwa amebaki peke yake jukwaani, ameanza ule wimbo wa taratibu. Sauti ilikuwa inatufikia kwa mbali, maneno hayasikiki.

"Sasa huyo anaimba tu," akasema. "Hakuna kinachoendelea. Wangeongea tungemaliza mapema. Nikiingia sasa hivi nitakuwa nimeharibu nini?"

Niseme ukweli, hilo ndilo lililoniuma. Kufokewa nimezoea. Huo ni wimbo ambao waandishi wa tamthilia hizi huuita wimbo wa "nataka": mapema kabisa, mhusika anabaki peke yake na kutufungulia moyo juu ya kile anachokitamani. Ukishausikia, uko upande wake mpaka pazia lifungwe, hata akikosea. Zamani nyimbo nyingi ziliwekwa kuchangamsha tu, ungeweza kuutoa mmoja na hadithi isipungukiwe. Oklahoma! ya 1943 ndiyo hutajwa sana kuwa iliyogeuza mambo: pazia linafunguliwa, hakuna kundi la wachezaji, kuna mwanamke mzima anasukasuka siagi na sauti ya mwanamume inasikika ikiimba kutoka nje ya jukwaa. Tangu hapo wimbo ulitarajiwa kubeba mzigo. Kwenye onyesho letu, bila wimbo huo nusu ya pili haina miguu.

Lakini huwezi kumweleza hayo mtu anayehema kwa hasira. Nikasema tu, "Vumilia kidogo baba, karibu tunafika." Akajaribu kitasa mara ya pili. Mara ya tatu akanyoosha mkono, akaurudisha mwenyewe. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, mwingine nikiupumzisha nyuma ya mlango, nikihesabu dakika ambazo sijawahi kuziona ndefu namna ile.

Dakika ya 19 makofi yakalipuka. Nikafungua, nikamulika miguu yake, safu ya J, kiti namba 14, katikati kabisa. Watu wanane wakasimama kumpisha. Hakusema asante.

Mapumziko yalikuwa vurugu ya kawaida, foleni ya vyoo mpaka kwenye ngazi. Nikamwona anakuja kwangu, nikajiandaa.

"Dada. Lile sanduku lina nini?"

"Sanduku lipi baba?"

"La yule binti. Kila akiligusa watu wanatulia kama wako msibani. Mke wangu nimemuuliza, ameniambia angalia mbele."

Sanduku limo kwenye ule wimbo alioukosa. Nikamvuta pembeni, nikamsimulia kwa haraka. Binti anataka kuondoka nyumbani usiku uleule. Anapanga vitu vyake huku anaimba, sanduku halifungi, kwa hiyo kila anapofika kwenye kiitikio anatoa kitu kimoja. Mwisho anatoa koti la baba yake, analikunja, analiacha kitandani. Sanduku linafunga. Wimbo umekwisha. Maneno pekee hayakutosha kumfikisha, nikamwimbia kidogo kwa sauti ya chini, noti nne za kiitikio: mbili zinapanda, ya tatu inabaki juu, ya nne inashuka. Sauti yangu ni ya mtu wa kawaida. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nyuma yake watu wawili walikuwa wananisubiri na tiketi mkononi.

"Noti hizo uzishike," nikamwambia. "Zitarudi."

Kengele ikalia, akaenda.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Mwili ukishachoka siku za maonyesho mawili, najua muda kwa nyimbo. Kuna wimbo mkubwa unaokaribia mwisho ambao Broadway huuita kwa jina la saa yake, wimbo wa saa tano usiku, kwa kuwa zamani maonyesho yalianza saa mbili na nusu na wimbo huo ukaangukia hapo. Wetu unaimbwa saa tatu na nusu, lakini kwa miguu yangu huwa ni saa tano kweli.

Kabla yake, baba wa binti anatoka peke yake amevaa lile koti. Hasemi chochote. Vinubi na fidla zinatoa noti nne.

Hapo ndipo huwa nageuka kabisa na kuwatazama watu. Hakuna neno lililoimbwa bado, lakini wanajua. Unawaona wanavuta pumzi safu kwa safu, kuanzia mbele kuja nyuma, mkono unakwenda shingoni, mtu anamshika jirani yake bila kumtazama. Mwaka 2017 watafiti wa University College London waliwapima watazamaji 12 wa tamthilia ya muziki Dreamgirls mjini London, wakaona mapigo ya mioyo yao yanapanda na kushuka kwa pamoja. Nilipoisoma habari hiyo sikushangaa hata kidogo. Mimi kifaa cha kupimia sina, nina ukuta wa kuegemea na macho. Watu wasiojuana mia kadhaa wanakumbuka kitu kimoja kwa sekunde moja, na kila mmoja anamsikia mwenzake akikumbuka. Hilo ndilo wanalolifuata hapa. Ukisikiliza wimbo huohuo nyumbani peke yako unapata utamu wake, ila pumzi ya jirani huipati.

Nikatafuta safu ya J. Hakuwa analia. Alikuwa amejisogeza mbele, viwiko juu ya magoti, amemziba dada aliyekaa nyuma yake. Kanuni inasema nimfuate nimwombe aegemee kiti. Dada wa nyuma alisogea kidogo kushoto, akaendelea kutazama. Sikumfuata.

Kisha makofi, watu wamesimama, taa, milango, "usiku mwema, angalia ngazi, usiku mwema" mpaka ulimi unakauka. Kisha kupita tena safu kwa safu na mfuko. Programu zilizokunjwa, tishu nyingi kuliko za mchana, hereni moja, soksi ya mtoto, sijui ilivuliwaje.

Kwenye meza ya korido kuna fomu za maoni. Nazikusanya mimi. Iliyokuwa juu iliandikwa kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka karatasi ikachubuka: mhudumu wa mlango wa kushoto ni mkaidi, hana huruma kwa watu waliokwama barabarani, meneja amuonye. Chini yake, mstari mpya, mwandiko uleule ila mdogo zaidi: wimbo wa sanduku uwekwe mbele kidogo, baada ya dakika ya 19, waliochelewa nao wausikie.

Nikaisoma mara mbili. Nikaiweka kwenye kisanduku cha meneja pamoja na nyingine, nikakaa kwenye ngazi, nikavua viatu.